Daktari wa Macho Aliyeingia Bungeni: Safari ya Cécile Kyenge kutoka Katanga hadi Roma

Katika toleo hili chama chetu cha Kiswahili kilituomba tuandike juu ya watu wenye asili ya nchi zinazozungumza Kiswahili ambao wamevuma ng'ambo. Wengi wa wenzangu waliwakimbilia wanariadha, na si ajabu, maana Kenya kwa mbio haina mpinzani. Mimi nimemchagua mama mmoja ambaye pengine hujawahi kumsikia hapa Bomeni, ila huko Italia hata mtoto mdogo wakati fulani alilijua jina lake. Mama huyo ni Cécile Kashetu Kyenge, daktari wa macho aliyezaliwa Kongo na kuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa waziri katika serikali ya Italia.

Huenda ukauliza, "Ya Italia yanatuhusu nini sisi wa Taveta?" Swali zuri. Nisome mpaka mwisho, ndugu msomaji, kisha ujijibu mwenyewe.

ALIKOTOKA

Kyenge alizaliwa tarehe 28 Agosti 1964 katika mji wa Kambove, mkoa wa Katanga, kusini-mashariki mwa nchi ambayo sasa tunaiita Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kambove ni mji wa migodi ya shaba, hauko mbali sana na Lubumbashi. Katika sehemu hizo Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, ya migodini na ya nyumbani kwa wengi. Kweli, Kiswahili chao kina ladha yake, kimeingiliana na Kifaransa na lugha za kikwao, hata Mswahili wa Mombasa angelazimika kutega sikio mara mbili. Lakini ni Kiswahili. Sisi wanafunzi hufikiri kwamba lugha hii ina wenyewe pwani na Unguja tu. Kumbe ina wenyewe hata katika mashimo ya shaba.

Jamaa yao ilikuwa kubwa ajabu. Baba yake alikuwa na wake wanne, na ndugu zake Kyenge walizidi 30. Binti huyu alikuwa na hamu moja tu, kusomea udaktari. Mwaka 1983, kabla hajatimiza miaka 20, alifunga safari hadi Italia. Huko hakukuta zulia jekundu. Ili apate riziki akiwa masomoni alifanya kazi ya kuwatunza wazee na wagonjwa majumbani, kuwalisha, kuwaogesha na kuwakesha. Baada ya kazi, vitabu. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Moyo Mtakatifu mjini Roma, kisha akajiendeleza katika tiba ya macho huko Modena, kaskazini mwa Italia. Mwaka 1994 aliolewa na Mwitaliano, wakajaliwa mabinti wawili, naye akawa raia wa Italia.

Hapo wengi wangetosheka. Daktari, mume, watoto, nyumba nzuri Ulaya. Unataka nini tena?

NENO LETU "DAWA"

Mwaka 2002 Dakta Kyenge aliunda shirika la kuwakutanisha watu wa tamaduni mbalimbali na kukuza ushirikiano kati ya Italia na Afrika, hasa Kongo alikozaliwa. Wanachama wa chama cha Kiswahili, nadhani mtafurahi kusikia jina alilolipa. Aliliita DAWA.

Angeweza kutumia Kiitaliano au Kifaransa. Alichagua neno ambalo mama yeyote hapa Taveta analijua. Nalo si neno dogo. Dawa ni tembe unayopewa zahanatini, dawa ni mizizi ya mzee wa kijijini, na dawa pia ni suluhisho la jambo lolote, ndiyo maana husemwa dawa ya moto ni moto. Daktari huyu alijua vizuri dawa ya jicho lenye mtoto wa jicho. Sasa alikuwa akitafuta dawa ya ugonjwa mwingine, ule wa watu kuishi mtaa mmoja bila kujuana.

Hebu tufikirie jambo hili kidogo. Mtu anayefanya kazi ya kusaidia watu, awe daktari au mfanyakazi wa wakimbizi, mwishowe hugonga ukuta. Mgonjwa anakuja kliniki, unamtibu. Kesho anarudi kwa sababu hana kibali cha kuishi nchini na anaogopa kwenda hospitali mapema. Ukuta huo haubomolewi kwa tembe. Hubomolewa kwa sheria, na sheria hutungwa na wanasiasa. Hivi ndivyo ninavyoelewa sababu ya daktari kuiacha meza yake akaingia katika siasa.

NGAZI KWA NGAZI

Kyenge hakuruka kutoka kliniki hadi uwaziri siku moja. Mwaka 2004 alichaguliwa kuwa mjumbe katika baraza la mtaa mmoja wa mji wa Modena. Mwaka 2009 aliingia katika baraza la wilaya nzima ya Modena, kwa tikiti ya Chama cha Demokrasia. Tunaweza kulinganisha, ingawa si sawasawa, na mwakilishi wa wadi kwetu ambaye kwanza hushughulikia maji na barabara za karibu kabla ya kuota Nairobi. Mwaka 2010 akawa msemaji wa mtandao uitwao Machi Mosi, uliotetea haki za wahamiaji. Jina hilo lilitokana na tarehe 1 Machi 2010, siku ambayo wahamiaji waligoma ili Waitaliano waone nchi ingekuwaje bila jasho la wageni.

Kisha ukaja mwaka 2013. Mwezi wa Februari alichaguliwa mbunge. Wakati huo bunge la chini la Italia lilikuwa na viti 630, ambavyo baadaye vilipunguzwa hadi 400. Tarehe 28 Aprili 2013 Waziri Mkuu Enrico Letta aliapishwa pamoja na baraza lake, na Kyenge akiwemo kama Waziri wa Utangamano. Kazi hiyo ilikuwa ni kuwafanya wahamiaji na wenyeji waishi pamoja kama watu wa nchi moja. Ifahamike kwamba alikuwa waziri asiye na wizara kamili, yaani anaketi katika baraza la mawaziri na ana ofisi, lakini hana wizara kubwa yenye idara nyingi kama ile ya fedha au ya ulinzi. Cheo kilikuwa kikubwa, nguvu ilikuwa na mipaka. Jambo hili tulikumbuke tutakapopima alichofanya.

Mwaka huohuo mwanamke mwingine aliyetokea katika kazi za kibinadamu alipanda juu. Laura Boldrini, ambaye kwa miaka mingi alikuwa msemaji wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, lile ambalo sisi Wakenya tunalijua kwa kambi za Dadaab na Kakuma, alichaguliwa Spika wa bunge la chini tarehe 16 Machi 2013. Ilionekana kama kwamba Italia imefungua mlango mpya.

NDIZI MBILI

Lakini mlango ukifunguliwa, upepo nao huingia. Mara tu Kyenge alipoteuliwa, matusi yalianza. Yeye alipokutana na waandishi wa habari aliwaambia wasimwite mtu wa rangi, kwani yeye ni mweusi na anasema hivyo kwa fahari. Mwezi wa Julai 2013 Roberto Calderoli, aliyekuwa makamu wa spika wa Seneti, alisema mkutanoni kwamba akimwona Kyenge humkumbuka orangutangu, yule nyani mkubwa wa Asia. Si mlevi wa vilabuni huyo, ni kiongozi wa Seneti! Rais wa nchi na Waziri Mkuu walimkemea, naye akaomba radhi, lakini kiti chake hakukiacha. Mwaka 2022 hata uwaziri alipewa tena.

Tarehe 26 Julai 2013, Kyenge akiwa jukwaani katika mji wa Cervia, mtu mmoja alimrushia ndizi mbili. Hazikumpata. Mnajua alivyojibu? Hakutukana. Alisikitika kwamba chakula kinatupwa ovyo ilhali watu wengi wanakufa njaa na nchi yenyewe iko katika hali ngumu ya uchumi.

Niliposoma habari hii nilikaa kimya kitambo. Wenzangu wa Taveta, ndizi ni nini kwetu? Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, malori hujaa mikungu ya kwenda Mombasa na Nairobi. Mama yangu huuza ndizi katika soko hilo. Pesa za chakula changu cha mchana hapa shuleni zimetokana na ndizi, sare hii niliyovaa ni ndizi, na hata kalamu iliyoandika makala haya ni ndizi. Yule aliyerusha alidhani ameokota kitu cha kumshusha mtu hadhi. Kwetu sisi alitupa karo ya mtoto wa mtu.

Lililonipendeza katika jibu la Kyenge ni kwamba hakukubali maana aliyoitoa mrushaji. Kwa mrushaji ndizi ilikuwa tusi, naye akairudisha mahali pake ikawa chakula. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo akili ya mtu aliyezoea kazi ya kuhudumia watu. Anauliza kwanza nani ana njaa.

Msidhani pia kwamba alinyamazia kila kitu. Mwanasiasa mwingine, Mario Borghezio, alifukuzwa katika kundi lake kwenye Bunge la Ulaya kwa sababu ya maneno aliyomtolea waziri huyo mwaka 2013, na mwaka 2017 mahakama ya Milan ilimtia hatiani. Uvumilivu ni kitu kimoja, haki ni kitu kingine.

ALITAKA NINI HASA?

Sasa tuje kwenye kiini. Sheria ya uraia ya Italia ni ya mwaka 1992, nayo hufuata damu. Hadi mwaka 2025 mtoto wa Mwitaliano alikuwa Mwitaliano moja kwa moja hata akizaliwa Argentina. Lakini mtoto wa wageni, hata azaliwe Modena, asome Modena na asijue lugha nyingine ila Kiitaliano, hubaki mgeni mpaka afikishe miaka 18 ndipo aombe uraia, tena awe ameishi huko mfululizo. Kyenge alitaka mahali pa kuzaliwa na mahali pa kusomea pahesabiwe pia.

Waliompinga hawakuwa warusha ndizi peke yao. Wako waliosema kwa adabu kwamba uraia si zawadi, ni kitu cha kuthibitishwa kwa miaka mingi, na kwamba sheria nyepesi ingewavuta watu wengi kuja kujifungulia huko. Hoja hiyo ina uzito wake na haifai kucheka. Kyenge naye alijibu kwamba hawa wanaozungumziwa tayari wako darasani pamoja na watoto wa Waitaliano.

Serikali ya Letta haikudumu. Ilianguka mwezi wa Februari 2014, na uwaziri wa Kyenge ukaishia hapo, hata mwaka haukutimia. Mswada uliofanana na alichokitaka, ingawa wenye masharti zaidi, ulipita katika bunge la chini mwezi wa Oktoba 2015, lakini ulikwama Seneti na kufa mwishoni mwa 2017. Mwezi wa Juni 2025 Waitaliano waliitwa kupiga kura ya maoni ili muda wa mgeni kuishi kabla ya kuomba uraia upunguzwe kutoka miaka 10 hadi 5. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 30 tu, na kura hiyo haikuwa na nguvu kwa kuwa ilihitaji zaidi ya nusu ya wapiga kura.

BAHARI NA BUNGE LA ULAYA

Akiwa bado waziri, tarehe 3 Oktoba 2013, mashua iliyojaa wahamiaji ilizama karibu na kisiwa cha Lampedusa. Watu zaidi ya 360 walifariki, wengi wao wakiwa ndugu zetu wa Eritrea. Siku chache baadaye serikali ile ilianzisha operesheni ya jeshi la majini ya kuwaokoa watu baharini. Ilidumu mwaka mmoja na kuokoa maisha ya maelfu na maelfu.

Mwezi wa Mei 2014 Kyenge alichaguliwa kwenda Bunge la Ulaya, akipata zaidi ya kura 90,000 katika eneo la kaskazini-mashariki mwa Italia. Kumbukeni, hilo ni eneo ambalo chama cha wapinzani wake wakubwa kina mizizi. Mwaka 2015 aliongoza waangalizi wa Umoja wa Ulaya katika uchaguzi wa Burkina Faso, uchaguzi uliofuata kuangushwa kwa rais aliyekuwa ametawala miaka 27. Mwaka 2016, yeye na Roberta Metsola wa Malta waliandika ripoti kuhusu wahamiaji wa Bahari ya Mediterania. Wawili hao walitoka vyama tofauti. Ripoti yao ilisema nchi za pwani kama Italia na Ugiriki zisiachiwe mzigo peke yao, na kwamba ziwepo njia halali na salama za kuingia Ulaya ili watu wasijitupe mikononi mwa walanguzi. Bunge liliipitisha mwezi wa Aprili mwaka huo. Haikuwa sheria, ilikuwa ushauri. Mwaka 2019 alisimama tena, kura hazikutosha, akaondoka bungeni.

JE, ALISHINDWA?

Mwenzangu mmoja wa Kidato cha Tatu alisoma makala haya kabla sijayakabidhi kwa mwalimu mlezi. Akaniambia, "Sasa huyu mama kafanya nini? Sheria haikupita, uwaziri miezi kumi, matusi tele. Si heri angebaki akitibu macho? Angalau watu wangeona!"

Tulibishana hadi kengele ikalia. Yeye ana hoja. Daktari huona matunda ya kazi yake palepale. Akitoa bendeji, mgonjwa anaona. Siasa ni kama kupanda mwembe, huenda anayekula embe si yule aliyepanda. Lakini nilimuuliza, kabla ya Aprili 2013 ni binti gani mweusi wa Italia aliyeweza kusema "nitakuwa waziri" bila kuchekwa? Jambo likishatendeka mara moja haliwezi kuitwa muujiza tena. Isitoshe, tangu wakati huo swali la watoto wa wageni halijatoka katika mijadala ya nchi ile. Kura ya 2025 ilianguka, sawa, lakini iliulizwa. Kwa hivyo mimi nasema hakushindwa, ila hakumaliza. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali.

NA SISI WA MPAKANI?

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya wazungu tu. Hapa kwetu Taveta tumewahi kuwa na daktari aliyeingia siasa. Mheshimiwa Naomi Shaban, daktari wa meno, alichaguliwa mbunge wetu mwaka 2002 na akatuwakilisha hadi 2022. Mwaka 2008 alipewa Wizara ya Mipango Maalum, iliyokuwa na jukumu la kuwashughulikia wakimbizi wa ndani baada ya ghasia za uchaguzi. Kwa hiyo njia ya kutoka kliniki hadi bungeni tunaijua.

Swali la uraia nalo tunalo. Katiba yetu ya 2010 inasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa mama yake au baba yake ni raia. Kuzaliwa ndani ya Kenya peke yake hakutoshi. Yaani sisi pia tunafuata damu! Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Kwale vizazi kadhaa bila vitambulisho. Mwaka 2016 walifunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais, na mwaka 2017 wakapewa vitambulisho na kuhesabiwa kabila la 43. Wapemba wa pwani walitambuliwa mwaka 2023. Mkonge hata hapa Taveta upo, tunauona kila siku, lakini ni wangapi kati yetu huwafikiria waliokuja kuukata?

Nami nina langu. Baba yangu ni wa hapa, mama yangu ni mzaliwa wa Holili, mwendo mfupi tu baada ya mpaka. Mbele ya sheria mimi ni Mkenya kamili, hilo halina mjadala. Hata hivyo uwanjani, timu yetu ikifungwa, nimeitwa "mgeni" na watu tunaokula nao sahani moja. Wengine husema ni mzaha. Lakini mzaha huo huanza na neno, na Cervia imetuonyesha mahali unapoweza kufika. Miaka miwili ijayo mimi na wengi wenu tutapanga foleni ya kitambulisho. Wapo miongoni mwetu watakaoulizwa maswali mengi zaidi kwa sababu ya jina la babu au lafudhi ya nyanya. Ningependa siku hiyo tuwe foleni moja, tukitetea wenzetu, wala si tukiwanong'onea.

Ndugu msomaji, nimemaliza. Kama nawe unataka kuwa daktari, soma sana biolojia. Kama unataka kuwa mbunge, anza kwa kumtazama jirani yako wa dawati vizuri, ujue ametoka wapi na anaishije. Na kama unataka kuwa vyote viwili, basi jina la Kyenge unalo sasa. Wajumbe wa chama, mada ya mdahalo wa muhula ujao napendekeza iwe hii: "Uraia uhesabiwe kwa mahali pa kuzaliwa." Mimi nitakuwa upande wa kuunga mkono. Atakayenipinga ajiandae mapema, maana hoja ninazo.